Ujuzi ni mali ya nani? Nadharia ya Nonaka kwenye njia ya Tabora

Ukisoma masomo ya biashara, mapema tu utakutana na The Knowledge-Creating Company, kitabu cha Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi cha mwaka 1995. Hoja yao: kampuni hustawi inapouchukua ujuzi ulio kichwani na mikononi mwa watu, ikauandika, kisha ikausambaza. Mfano wao maarufu ni Matsushita. Mtaalamu wake wa programu alijifunza kukanda unga kwa mwokaji mikate wa hoteli moja ya Osaka, na mwaka 1987 ikatoka mashine ya kuoka mikate nyumbani. Ikauzika kwelikweli.

Mfano mzuri. Ila hebu tuupime hapa kwetu, kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji.

Karne ya 19, Wanyamwezi ndio walikuwa uti wa mgongo wa kazi ya upagazi. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alipaswa kujua maji yalipo katika pori la Mgunda Mkali, na namna ya kujadili hongo (enzi hizo ushuru wa njia) kule Ugogo. Richard Burton alifika Tabora mwaka 1857, na mwaka 1860 akachapisha kitabu kinachoieleza njia hiyo kwa kirefu. Kwa lugha ya Nonaka, ujuzi ulishaandikwa.

Sasa mtazame Stanley mwaka 1871. Burton alishamsoma, lakini bila wapagazi hasogei. Tena mwaka huohuo Mirambo akaifunga njia ya Ujiji, ikabidi Stanley azungukie kusini akiongozwa na watu wanaoijua nchi. Kitabu kilibaki na njia ya jana.

Kuna jambo jingine ambalo nadharia hii inalipitia juujuu: masilahi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika Carriers of Culture (2006), anaonyesha kuwa wapagazi walikuwa wafanyakazi wa ujira waliojadili malipo, waliogoma na waliotoroka. Kwangu mimi, kuijua njia kulikuwa sehemu ya nguvu yao mezani.

Nonaka na Takeuchi wako sahihi kwamba kampuni inayotegemea kichwa cha mtu mmoja iko hatarini. Lakini bosi akikwambia uandike kila unachokijua, una haki ya kuuliza: nikishakiandika, nitabaki na nini? Kampuni isiyo na jibu la swali hilo itaandikiwa yale mepesi tu. Mengine watu wataondoka nayo.