Mambo Mawili ya Kumshukuru Mungu

Kumsifu Mungu mambo yakiwa mazuri hakuhitaji mwalimu. Mshahara umeingia, mtoto amepita mtihani, mgonjwa ametoka hospitalini akitembea: mdomo unafunguka wenyewe. Lakini kumsifu siku ambayo nyumba imebomolewa na vyombo vimelala barabarani ni kazi ya fundi. Ina hatua zake, ina makosa yake, na ina mabingwa wake. Wengi wa mabingwa hao wako Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi.

Aijuaye Mukuru anajua kwamba huko shukrani haiji kwa urahisi. Vyumba vya mabati vya futi kumi kwa kumi vimebanana kati ya viwanda na Mto Ngong. Maji hununuliwa kwa mtungi, na alfajiri watu husimama kwenye malango ya viwanda wakingoja kibarua ambacho huenda kisipatikane. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba na kulipuka katika kijiji jirani cha Sinai, watu wapatao 100 wakafa. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yalibomoa makao ya maelfu ya watu wa Kwa Njenga kupisha barabara, na familia zikalala juu ya vifusi chini ya mahema ya nailoni. Aprili 2024 mto ulifurika, na Mei matingatinga yakarudi, safari hii kuwaondoa waliojenga kando ya maji.

Na bado Jumapili ikifika, pambio husikika kutoka kila upande. Ingia katika mojawapo ya makanisa hayo ya mabati wakati wa ushuhuda. Mara nyingi anayesimama ni mama. Anaweka sawa kitambaa cha kichwa, anapokea kipaza sauti ikiwa stima ipo, na kuanza: Bwana Yesu asifiwe! Kanisa linaitika Amina. Anasema ameokoka na anampenda Yesu, kisha anatangaza kwamba ana mambo mawili ya kumshukuru Mungu.

Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Mama hasemi kwamba yote ni shwari. Anasema maji yaliingia usiku, godoro likaenda, unga ukaenda, sare za watoto zikaenda. Anataja kimoja kimoja. Halafu anageuka. Jambo la kwanza: kulipokucha aliwahesabu watoto, hakukosekana hata mmoja. Jambo la pili: jirani wa mlango wa pili, ambaye hata si wa kanisa hilo, aliwabeba wadogo mgongoni hadi kwenye lami. Basi. Anaomba aombewe, anaanzisha wimbo, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza kanisa zima limeudaka.

Kiongozi wa sifa aliye hodari hamrukii mama huyo kwa pambio la mbio. Anaupokea wimbo pale pale ulipoanzia, kwa sauti ile ile ya chini, anauacha urudiwe mpaka koo zifunguke, ndipo kayamba iingie, halafu ngoma, halafu makofi. Stima ikipotea na kinanda kunyamaza, wimbo hausimami.

Ninachokisifu hapa ni hesabu. Mama ametaja alichopoteza bila kupunguza, akataja alichobakiwa nacho bila kuongeza, akamtaja mtu aliyemfaa. Shukrani ya namna hiyo inaaminika, kwa sababu anayeitoa ameonyesha kwamba hadanganyi kuhusu maumivu yake. Ndivyo Biblia yenyewe inavyofundisha. Habakuki anaorodhesha mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba na zizi, vyote vitupu, ndipo anapotamka kwamba atamfurahia Bwana. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane wakiwa bado na majeraha ya viboko, na wafungwa wengine wakiwasikiliza.

Afrika Mashariki ina urithi wake katika jambo hili. Uamsho uliowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka 1937, uliwalea watu waliosalimiana kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza. Walifundishana kwamba ushuhuda uwe wa leo, usiwe wa miaka iliyopita, na kwamba mtu atembee nuruni bila kuficha doa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wao katika Kenya ya kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengine wakakataa pia kubeba silaha za serikali. Baadhi waliuawa. Sifa zao zilikuwa zimeshazoea ukweli kabla ya siku hiyo kufika.

Ustadi huu unaweza kuharibiwa. Unaharibika pale mhubiri anapomwambia aliyebomolewa anyamaze na ashukuru tu, au anapogeuza shukrani kuwa ndoano ya sadaka. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema siku saba walizokaa naye chini kimya; walikosea walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake. Kumshukuru Mungu kwamba mtoto ameokoka mafurikoni hakumwondolei lawama yeyote aliyestahili kuwaonya watu mapema au kuwapa pa kwenda.

Na hesabu ile ile ya ushuhuda hutembea hadi nje ya kanisa. Baada ya kaunti ya Nairobi kuitangaza Mukuru eneo maalumu la mipango miji mwaka 2017, wakazi walijipanga katika vikundi vya kaya kumi kumi ili wajadili barabara, maji na vyoo. Aliyezoea kusema Jumapili alichonacho na asichonacho hapati kigugumizi mkutanoni. Vivyo hivyo jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki: hukutana nyumbani kwa wanajumuiya, humfuata aliyefiwa alipo, husali, na kabla ya kutawanyika mchango umeshazunguka.

Kwa hiyo nina ombi kwa makanisa, ya mabati na ya vioo. Siku hizi katika ibada nyingi ushuhuda umebanwa na matangazo, na mahali pake pamechukuliwa na nyimbo zilizokwisha kupangwa kwenye skrini. Urudisheni. Mpeni mama dakika zake, msimkatize anapotaja godoro na unga, wala msimharakishe afike kwenye Haleluya. Wafundisheni watoto kutaja jambo moja walilopoteza, jambo moja walilobakiwa nalo na mtu mmoja aliyewasaidia, kisha waimbe. Siku ya shida haichagui mtaa, na atakayeipokea vizuri ni yule aliyekwisha kujifunza kumsifu Mungu bila kusema uongo.