Kukimbia Tope: Waraka wa Luther wa 1527 na Mahubiri Yetu Wakati wa Maafa

Miongoni mwa maandishi ya Martin Luther yasomwayo kwa nadra katika vyuo vyetu umo waraka alioutoa mwaka 1527 kumjibu Johann Hess, mchungaji wa Breslau, ambaye pamoja na wenzake alitaka kujua kama ni halali kwa Mkristo kukimbia tauni. Wakati wa korona mwaka 2020 waraka huo ulisomwa tena mahali pengi duniani, kisha ukarudishwa kabatini. Tunapendekeza utolewe tena, safari hii kwa ajili ya mafuriko, maporomoko na dhoruba. Swali la Hess ndilo waulizwalo wachungaji wetu kila mvua zinapozidi kipimo, na kwa maoni yetu wengi wao hulijibu vibaya kuliko Luther. Hata hivyo waraka wenyewe una mapungufu, nayo hatutayaficha.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa mvua ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua za vuli mwaka ule zingezidi wastani, ikitaja El Niño. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua za msimu huo. El Niño si ngeni kwetu. Waliokuwapo mwaka 1997 na 1998 wanaikumbuka. Lililobadilika ni hewa yenyewe, kwa kuwa kila joto linapopanda kwa nyuzi moja ya sentigredi hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mzee asemaye kwamba mto haujawahi kufika hapa asema kweli, lakini ushahidi wake hautoshi tena kuwa kipimo cha mahali pa kujenga.

Baada ya maafa ya namna hii husikika mimbarani hadithi ya Nuhu. Wahubiri wanaoitumia kuwahukumu waliokufa husahau kwamba hadithi hiyo huishia katika ahadi (Mwa. 9:11), na kwamba Bwana mwenyewe alikataa kuwahesabu wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu kuwa wakosaji kuliko wengine (Lk. 13:4-5). Kosa hilo ni rahisi kulisahihisha. Gumu zaidi ni lile neno jingine lisemwalo kwa sauti ya unyenyekevu: kwamba ni kazi ya Mungu, nasi hatuna la kufanya. Neno hili huwafariji wafiwa kwa siku chache. Mwaka unaofuata wale wale hujenga tena bondeni.

Hapo ndipo Luther atufaapo. Tauni iliingia Wittenberg mwezi Agosti 1527. Mtawala Johann alimwagiza aondoke, na Chuo Kikuu kikahamishiwa Jena. Yeye na Bugenhagen wakabaki na wagonjwa. Tungetazamia mtu wa namna hiyo awalaumu waliokimbia, lakini hafanyi hivyo. Wenye wito unaowafunga kwa watu, yaani wahubiri, watawala, na kila mtu ambaye jirani yake hana mwingine wa kumsaidia, hao hawana ruhusa ya kuondoka. Wengine wako huru. Kisha awageukia wale wasemao kwamba kuikimbia adhabu ya Mungu ni kukosa imani. Kwa hoja hiyo, ajibu, nyumba ikiungua mtu asitoke wala asizime moto; aliyetumbukia katika maji ya kina asiogelee; na mwenye njaa asile, maana njaa nayo ni adhabu. Adharauye dawa na tahadhari, kwa maneno yetu, amemjaribu Mungu akidhani amemtumaini.

Uzito wa hoja hii hauko katika ucheshi wake. Luther hakatai kwamba tauni yatoka mkononi mwa Mungu. Akataacho ni hatua ya pili, kwamba kwa sababu hiyo wajibu wangu kwa jirani umekoma. Mchungaji aliyeielewa tofauti hiyo ataweza kusoma tangazo la mvua kubwa pamoja na matangazo ya ndoa bila kuona kwamba ameishusha ibada. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na hatukusikia mtu akisema kwamba abiria waliobaki nchi kavu walikosa imani. Luther pia ahimiza kwamba mchungaji aitwe mapema, mgonjwa akiwa bado na akili zake. Vivyo hivyo mafundisho juu ya mafuriko mahali pake ni kiangazi.

Sasa mapungufu. Uhuru wa kukimbia autoao Luther ni uhuru wa mwenye pa kwenda. Chuo kilikuwa na Jena. Kijakazi wa Wittenberg asiye na ndugu nje ya mji alikuwa na nini? Mkulima ambaye shamba lake pekee liko chini ya mlima wa volkano, penye udongo wenye rutuba, akiambiwa kwamba yuko huru kuondoka hajaambiwa kitu. Pia Luther hamjui mkosaji wa namna yetu. Upo mlango mkali, urukwao na wasomaji wengi, ambamo awaita wauaji wale wajuao kwamba wameambukizwa, wakajificha na kuchangamana na wenzao. Twadhani huo ndio ufunguo. Mataifa yaliyotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta yanajua tangu miaka mingi moshi wake wafanya nini. Ila Luther alimfikiria mtu mmoja mwenye nia mbaya, na hapa wahusika ni mamilioni wasio na nia hiyo. Wala sisi hatuko nje kabisa. Kule Mai Mahiu, Kenya, tarehe 29 Aprili 2024, kwa maelezo ya serikali, maji yaliyoua makumi ya watu yalikuwa yamezuiliwa na tuta la reli ambalo njia yake ya maji ilikuwa imeziba.

Pengo hilo Luther mwenyewe alilijaza kwa sehemu miaka miwili baadaye, katika Katekisimo Ndogo. Akieleza ombi la mkate wa kila siku, aweka serikali njema na hali njema ya hewa bega kwa bega katika orodha moja. Vijana wetu wa kipaimara hukariri orodha hiyo bila kuulizwa kwa nini viwili hivyo vimekaa pamoja. Waulizwe.

Sehemu ya mwisho ya waraka yahusu makaburi. Luther apendekeza yawe nje ya mji kwa ajili ya afya, tena yawe mahali pa utulivu, akilalamika kwamba yale ya Wittenberg yamekuwa njia ya watu na mifugo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu makaburi yako kando ya nyumba, na familia iambiwayo ihame bondeni yaambiwa pia iwaache wazazi wake. Baada ya maafa ya Hanang zilijengwa nyumba zaidi ya 100 mahali pengine kwa ajili ya waliopoteza makazi. Hatujaona bado ibada iliyoandikwa kwa ajili ya familia inayoyaaga makaburi yake, au ambayo makaburi yake yamefunikwa na tope. Wanafunzi wa liturugia wangeweza kuianza kabla ya vuli ijayo.