Ubuntu Iliingia Mwisho

Wengi wanaohamia Linux huanza kwa kubishania mfumo: Ubuntu, Debian au Fedora? Programu huzitafuta baadaye, na hapo ndipo hukwama. Gendarmerie ya Ufaransa, jeshi linalofanya kazi za polisi, ilianzia upande wa pili. Mwaka 2005 ilianza kuweka programu za ofisi za OpenOffice.org kwenye kompyuta zilizokuwa bado zinatumia Windows. Mwaka uliofuata zikaja Firefox ya kuvinjari na Thunderbird ya barua pepe. Ubuntu ilisubiri hadi 2008, na kufikia 2013 ilikuwa kwenye kompyuta zipatazo 37,000.

Mpangilio huo una mantiki yake. Askari wa zamu hana habari na mfumo. Anachokijua ni ripoti anayoiandika, jedwali analolijaza na barua anazozijibu. Ukimbadilishia vyote kwa siku moja, kwa kila kinachomsumbua atailaumu Linux, hata kama tatizo ni kitufe cha kupanga aya. Ukitanguliza programu, siku mfumo unapobadilika anakuta zana alizokwisha kuzizoea. Kwa hiyo swali la kwanza kwa programu yoyote ni kama inaendeshwa kwenye mfumo unaoondoka na unaokuja pia. Sura na wingi wa vitufe ni mambo ya baadaye. Swali la pili ni faili zake. OpenOffice.org ilihifadhi nyaraka kwa ODF, muundo ulio wazi uliopitishwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2006. Ndiyo maana sehemu kubwa ya wasanidi wake walipojitenga mwaka 2010 na kuanzisha LibreOffice, nyaraka za zamani ziliendelea kufunguka kama kawaida.

Atakayepinga atasema jeshi lina amri, na ofisi ya kawaida haina. Ni kweli, ila amri huweka programu kwenye mashine tu; haimfanyi mtu aizoee. Kama amri ingetosha, wangebadilisha vyote kwa mkupuo na kuokoa miaka mitatu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba zipo kazi zisizo na mbadala: msanifu majengo anayetegemea programu ya AutoCAD hataipata kwenye Linux. Hata Gendarmerie ilibakiza baadhi ya kompyuta zake kwenye Windows. Lakini hoja hiyo inautetea mpangilio wenyewe, kwa sababu anayeanza na programu huigundua mashine ya namna hiyo mapema, kabla hajafuta chochote, na kurudi nyuma ni kuondoa programu moja tu. Anayeanza na mfumo huigundua kazi ikiwa imesimama. Ofisi iliyoshindwa kuizoea LibreOffice ndani ya Windows haitaizoea kwa kuwekewa Ubuntu chini yake.