Timazi Kwenye Mteremko

Mpima ardhi wa Kigali hana tambarare ya kumrahisishia kazi. Mlima Kigali una kimo cha mita 1,852 kutoka usawa wa bahari, na viwanja vingi vya mji vimekaa ubavuni mwa vilima. Ramani hutaka umbali wa mlalo. Ukiilaza tepu ya mita 30 kwenye mwinamo wa nyuzi 20, kwenye ramani ni mita 28.19 tu. Tofauti hiyo yatosha kuwagombanisha majirani.

Ndiyo maana mpimaji hushuka kwa vipande. Msaidizi anabaki juu, ameibana sifuri ya tepu kwenye msumari uliopigiliwa kichwani mwa kigingi. Mpimaji anateremka hatua chache, anainua tepu usawa wa kifua na kuivuta mpaka ilale sawasawa, jicho likiwa kwenye pimamaji. Mteremko ukiwa mkali, havuki mita tano kwa mara moja. Kisha anaining'iniza timazi kwenye alama ya mita tano, na hapo ndipo subira yake huonekana. Timazi ya shaba inayumba. Anaishusha ncha iguse udongo, anaiinua kidogo sana, anangoja. Upepo wa bondeni ukiitikisa, anaanza upya bila kunung'unika. Ikitulia kabisa anachomeka pini ya chuma papo hapo, na msaidizi anashuka na sifuri yake hadi kwenye pini hiyo.

Mkono nao una elimu yake. Tepu iliyolegea hubonyea katikati na kusoma zaidi ya umbali wenyewe. Jua likipandisha joto la tepu ya chuma kwa nyuzi 10, mita 30 hurefuka takriban milimita 3.5, kwa hiyo kipimajoto huingia mkobani pamoja na nyundo.

Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilichora mipaka ya vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 juu ya picha za anga, wenye ardhi na majirani wakiitembea mipaka hiyo na kuionyesha, mara nyingine kwa kufuata ua wa mmea wa umuyenzi uliopandwa zamani. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kiwanja kinapogawanywa, kona mpya lazima ipate kigingi chake ardhini.

Mstari ukiisha, hupimwa tena tangu mwanzo, na hesabu mbili hulinganishwa. Zikipishana kupita kiasi, tepu inakunjuliwa upya. Tarakimu iliyokosewa daftarini haifutwi kwa raba: hukatwa kwa mstari mmoja wa penseli, ibaki ikisomeka, na iliyo sahihi huandikwa juu yake.