Mchagua Nazi

Kiwanja cha Msimbati kimezungukwa na minazi pande tatu, na upande wa nne upepo wa kusi unaingia bila hodi. Ni kiwanja cha mchanga. Milingoti ya goli ni miti isiyolingana urefu, na mstari wa kati umechorwa kwa kisigino dakika chache kabla ya mechi. Watoto wamepanda juu ya mtumbwi uliofudikizwa, wakubwa wamesimama mpaka ndani ya mstari, na macho ya wote yanafuata mpira. Wote isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo ameketi juu ya ndoo, daftari la shule magotini. Vijana humwita Mwalimu, nami pia. Timu moja ya Mtwara mjini, ya ligi ya mkoa, ndiyo iliyomtuma. Timu hiyo ina kiungo mchezeshaji wake, mtu wa miaka 31, ambaye miguu imeanza kumdai. Kamati imegawanyika: wengine wanataka kusajili mpya, wengine wanasema wavute msimu mmoja zaidi na huyu waliye naye. Kabla hawajatoana macho, wamemwomba Mwalimu awatazamie kijana mmoja wa huku Ghuba ya Mnazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, lakini usinizibe."

"Ni yupi?"

"Mtafute mwenyewe."

Nilimtafuta. Baada ya robo saa nilikuwa na jibu: winga wa kulia, aliyekuwa amempiga beki tobo mara mbili na kanzu moja, uwanja mzima ukimshangilia. Mwalimu alicheka bila kuinua macho. "Yule ni wa watazamaji," akasema. Kisha akanionyesha kwa kidevu kijana mwembamba, pekupeku, aliyekuwa akitembea katikati ya uwanja kama mtu aliyepoteza sarafu. Nilikuwa sijamwona kabisa.

Nikachungulia daftari. Hapakuwa na maneno, ila vijiti vilivyopangwa vitanovitano. Kila kijiti ni mara moja kijana amegeuza shingo kutazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Mwalimu alikuwa hahesabu pasi wala mabao. Alikuwa anahesabu shingo.

Hapo ndipo ufundi wake unapoanzia, na umenichukua mechi kadhaa kuuelewa. Pasi nzuri kila mtu anaiona, maana imekwisha kupigwa. Yeye anatafuta pale ilipozaliwa. Kijana anayeupokea mpira akiwa tayari anajua nani yuko mgongoni mwake anahitaji mguso mmoja tu. Asiyejua anautuliza kwanza, kisha anainua kichwa, kisha anafikiri, na beki ameshafika. Kwa hiyo Mwalimu hutazama zile sekunde mbili au tatu ambazo mpira uko kwa mtu mwingine. Mechi nzima anaitazama kwenye nafasi hizo, kama fundi saa asiyejali mshale unaonyesha saa ngapi.

Jambo la pili ni mchanga. Mchanga wa Msimbati unameza mpira, na pasi isiyo na nguvu hufia njiani. Vijana wa ufukweni hukua na mguu mzito: wanapiga pasi ya mita kumi kwa nguvu ya mita ishirini. Ukimchukua kijana huyo moja kwa moja hadi uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini, kwenye nyasi, pasi zake zote zitapita mbele ya washambuliaji na kutoka nje, na jukwaa litasema Mwalimu amezeeka. Kinyume chake pia kipo. Kuna anayeonekana goigoi kwenye mchanga kwa sababu mguu wake ni mwepesi, na kwenye nyasi mguu huohuo ungekuwa dhahabu. Mwalimu hulazimika kuutoa uwanja akilini, akauacha mguu peke yake. Anasema husikiliza mlio: mguu unaopiga katikati ya mpira hutoa sauti moja fupi, kwenye mchanga au kwenye nyasi, na sauti hiyo haidanganyi.

Kisha upepo. Kusi likivuma, mpira wa juu unaoelekea baharini hurudi kama umeitwa. Mwalimu hakujali kama kijana amepiga mpira mrefu ukapotea. Alitaka kuona mpira wa pili. Je, ameshusha kimo? Ameelekeza pembeni zaidi? Wavuvi wa hapa hawaulizani kama kuna upepo, wanaulizana wautumieje. Kijana alipoteza mmoja, wa pili akaupiga chini ya usawa wa mabega, ukamfika winga kifuani. Mwalimu akaweka nukta kando ya vijiti. Nukta moja tu kwa mechi nzima.

Alimtazama mara tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo. Ya pili aliichagua kwa makusudi: mechi ambayo alijua timu ya kijana itafungwa. Ilifungwa mabao manne. Mwalimu alihama akakaa nyuma ya goli lao, aone uso wa kijana kila wanapofungwa na kila mwenzake anapoharibu pasi yake. Kuna wachezeshaji wanaonyanyua mikono juu, ili watu wote wajue kosa si lao. Timu ikishaizoea mikono hiyo, hakuna atakayekimbilia nafasi ya hatari tena, kwani nani anataka kuaibishwa? Huyu alipiga makofi mawili madogo, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo mpira utakuja safari ijayo. Mara ya tatu alimwita mjini, kwenye nyasi, kwa mazoezi ya siku mbili, akamweka timu moja na yule kiungo wa miaka 31.

Wahenga walishatuonya: mchagua nazi hupata koroma. Mwalimu anaipenda methali hii kwa sababu anaiona imemlenga yeye, na jibu lake lipo tayari. Tatizo la mchagua nazi, anasema, ni kuangalia ganda. Tunda la mnazi lina umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hakuna hata moja lililo bovu. Dafu ni tamu, ila huwezi kulikuna ukapata tui la chakula cha leo usiku. Koroma halina maji ya dafu wala mafuta ya nazi, lakini ukilipa muda linafika. Mkwezi hulipiga tunda kwa ukucha, akasikiliza, akajua liko wapi katika safari yake. Kusajili mchezaji, kwa Mwalimu, ni kazi ya ukucha na sikio, na swali la kamati, kama kijana ni mzuri au si mzuri, ni swali la ganda. Maswali yake ni mawili: yuko umri gani wa tunda, na nyumbani kuna njaa kiasi gani.

Na njaa ipo. Mtwara iliionja Ligi Kuu kwa miaka sita na klabu ya Ndanda, Wana Kuchele, tangu msimu wa 2014/15 hadi waliposhuka 2020. Tangu hapo kila timu ya mkoa huota kuzirudisha zile Jumamosi ambazo Simba na Yanga walilazimika kusafiri mpaka Mtwara. Mwenye ndoto ya namna hiyo hutaka nazi, na aitake leo.

Klabu kubwa zenyewe hazijalimaliza swali hili la lini umlete mchezeshaji mpya. Yanga walikuwa na Stephane Aziz Ki, mfungaji bora wa ligi msimu wa 2023/24 kwa mabao 21, na Pacome Zouzoua pia, lakini katikati ya 2024 wakamchukua Clatous Chama kutoka kwa watani wao Simba. Mabingwa wakamwongeza mchezeshaji juu ya wachezeshaji, na vijiwe vya kahawa vikagombana mpaka usiku: ni hekima, au ni kumnyima jirani? Marekani, ambako mpira wao hushikwa kwa mikono na mchezeshaji huitwa kwotabeki, timu hupeana zamu kuchagua vijana, iliyoshika mkia ikitangulia. Mwaka 2005 timu ya Green Bay walimchagua Aaron Rodgers wakati Brett Favre bado ni mfalme wa pale. Wakamkalisha benchi misimu mitatu. Aliposimama, aliwapa ubingwa. Nilimsimulia Mwalimu. Akauliza jambo moja tu: "Huyo mkubwa alimfundisha?" Nikamwambia inasemekana hakujishughulisha sana. "Basi kijana alisoma kwa macho," akasema. "Ndiyo maana nilimweka karibu na yule wetu."

Siku alipokutana na kamati nilikaa mlangoni. Hakusema mengi. Alisema kijana ni koroma. Wamsajili sasa, maana wenye pesa wakimwona atapanda bei. Wasimpe jezi ya kuanza msimu huu. Wamwongezee yule wa miaka 31 mwaka mmoja, na katika mkataba wake waandike kuwa kazi zake ni mbili, kucheza na kusogea. Mjumbe mmoja akalalamika kwamba huko ni kulipa watu wawili kwa nafasi moja. Mwalimu akamkumbusha kuwa gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na ikakaa chini zaidi ya miaka ishirini kabla haijawasha taa za Mtwara. Watu wakacheka. Alilifunga daftari na kuomba nauli yake.

Wiki iliyofuata nilirudi Msimbati peke yangu. Kijana alikuwa anacheza mechi yake ya mwisho kijijini. Niliketi pale ilipokuwa ndoo, nikaamua nitamtazama yeye tu. Nilishindwa mara nyingi, kwa sababu mpira una uchawi wake: unakuvuta jicho kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake. Lakini kuelekea machweo, mpira ukiwa mbali miguuni mwa beki wa kushoto, nilimwona akigeuza shingo, kulia, kisha kushoto, haraka kama ndege. Nikageuka kutazama alikotazama. Palikuwa na uwazi wa mchanga mtupu, na winga alikuwa bado hajaanza kukimbia.

Nilijua. Mpira ulikuwa haujamfika mguuni, winga hajajua kwamba anakwenda huko, watoto wa kwenye mtumbwi wanatazama kwingine, nami nilijua. Kisha ikasikika ile sauti moja, fupi.

Nikatafuta kalamu mfukoni, nichore kijiti.