Bushi, Gololi na Tufe: Tahakiki ya Tafsiri Moja ya Ufundi wa Magari

Miongoni mwa kazi ziletwazo kwa afisa istilahi ili zithibitishwe, zile za ufundi ndizo hupitiwa kwa haraka kuliko zote. Msomaji wa rasimu huangalia sarufi, akiona upatanisho umekaa sawa huridhika, wala haulizi kama fundi atakayefuata maneno hayo atafika salama aendako. Tahakiki hii inahusu rasimu moja ya namna hiyo: tafsiri ya maelekezo ya Kiingereza juu ya kutia beringi za tufe katika mikono ya saspensheni ya gari la spoti linaloundwa nyumbani. Jina la mfasiri na la ofisi iliyomtuma si muhimu hapa, kwa kuwa makosa yaliyomo ni ya wengi.

Yafaa kwanza kueleza jambo lenyewe. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Colin Chapman, huko Uingereza, ilianza kuuza gari dogo jepesi liitwalo Seven. Wengi walilinunua likiwa vipande, wakaliunga wenyewe nyumbani, kwa sababu gari la vipande lilisamehewa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari kamili. Caterham ilipolichukua gari hilo mwaka 1973 desturi haikufa. Na mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilidai kwamba mtu aweza kujiundia gari la spoti kwa paundi 250 tu. Katika magari ya ukoo huu kila gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Mahali mkono unapoungana na fremu, kwa kawaida hutiwa bushi ya mpira. Mjenzi atakaye usukani mkali zaidi huondoa mpira na kutia beringi ya tufe, yaani tufe la chuma lenye tundu la bolti, lililokaa ndani ya pete ya chuma iliyolikumbatia. Baina ya tufe na pete mara nyingi huwapo utando mwembamba wa Teflon.

Sasa tuitazame rasimu.

1. Bushi

Mfasiri ameona kwamba vitu viwili vinakaa mahali pamoja, akavipa jina moja: bushi. Kwa hiyo ameandika: "Kaza bolti ya bushi mkono ukiwa mahali popote." Kwa beringi ya tufe agizo hili ni sahihi, maana bolti hubana tufe, na pete huzunguka juu yake bila kizuizi. Kwa bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye chuma, agizo hilo ni la hasara. Bushi hiyo haizunguki, bali husokotwa. Bolti yake yapasa kukazwa gari likiwa limeshushwa chini na kubeba uzito wake. Ikikazwa gari likiwa juu ya jeki na mkono ukining'inia, mpira utakaa umesokotwa siku zote, nao utapasuka kabla ya wakati wake. Hapa hakuna kosa la sarufi hata moja. Lililopo ni jina moja kubebeshwa vitu viwili, na gharama yake hulipwa na mwenye gari.

2. Gololi

Katika kurasa za mbele mfasiri anaacha bushi na kuandika "beringi ya gololi". Neno hili lina mwenyewe. Kila fundi anajua kwamba beringi ya gololi ni ile yenye vitufe vingi vidogo vinavyobiringika katika njia yake, na anajua kwamba hutiwa grisi. Beringi ya tufe ina tufe moja tu, nalo halibiringiki bali huteleza. Tena ile yenye utando wa Teflon hukaa kavu: grisi hukusanya vumbi na mchanga, na huzuia Teflon kujipaka juu ya tufe kama ilivyokusudiwa. Zipo za chuma kwa chuma ambazo huhitaji mafuta. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Istilahi yafaa ipambanue iliyo kavu na isiyo kavu, kwa kuwa mkono wa fundi wetu huenda kwenye kopo la grisi kabla jicho halijamaliza sentensi.

Wapo watakaosema tutumie "duaradufu" badala ya tufe. Hilo halifai. Duaradufu ni umbo lililorefuka mfano wa yai, na beringi ya umbo hilo isingezunguka kila upande. Tufe ni neno lililokwisha kuzoewa shuleni, darasani na katika uwanja wa michezo pia, ambako wanafunzi hutupa tufe.

3. Nyumba, mbio na mchezo

Hapa rasimu imetafsiri sura ya neno na kuacha kazi yake. Kiingereza huita kishikio cha beringi kwa neno ambalo nje ya karakana lahusu makazi. Mfasiri ameandika "nyumba". Huita pete ya nje kwa neno lifananalo na la mashindano. Naye ameandika "mbio". Matokeo ni sentensi hii: "Sukuma mbio ya nje peke yake ndani ya nyumba." Msomaji mwenye subira atacheka. Msomaji mwenye haraka ataelewa kwamba asukume kwa mbio.

Ilhali sentensi hiyo ndiyo moyo wa maelekezo yote. Beringi inapoingizwa kwa presi au jiriwa, nguvu yapasa kupita katika pete ya nje tu. Ikisukumwa kwenye tufe, nguvu itapita katika utando, na beringi itakuwa imeharibika kabla gari halijatembea hata hatua moja. Vivyo hivyo agizo la kuchomelea kishikio kwanza, kukereza tundu lake baadaye na kutia beringi mwisho lina sababu: joto la kuchomelea hupinda tundu, na lingeunguza Teflon. Mfasiri ameliandika agizo hili kwa mpangilio sahihi, ila kwa "nyumba" limepoteza uzito.

Si kwamba sitiari ni haramu katika istilahi. Kiswahili kimesema tangu zamani jino la msumeno, mdomo wa chupa. Lakini sitiari hizo zilizaliwa kwa kutazama kitu chenyewe. Anayekitazama kishikio cha beringi haoni nyumba. Anaona kitu kilichochongwa kwa kipimo cha kile kinachoingia, kama ala ya kisu. Kwa hiyo napendekeza "ala ya beringi".

Kuhusu "mchezo", mfasiri amekaribia ukweli bila kujua. Mafundi husema gurudumu linacheza, nao husema vyema. Kitenzi kipo hai. Nomino ndiyo iliyokwenda kwingine, kwenye mpira na maigizo. Yafaa basi kuandika "hakikisha beringi haichezi", na pale nomino inapolazimu, "ulegevu".

4. Waridi

Ipo beringi ya tufe ambayo pete yake ina mkia wenye skrubu. Waingereza huiita kwa jina la kiwanda cha Rose, na Wamarekani kwa jina la Heim. Mfasiri, akidhani ametajiwa ua, ameandika "kiungo cha waridi". Majina ya viwanda hayatafsiriwi. Iliyo bora ni kukiita kitu kwa umbo lake: beringi ya tufe yenye mkia.

Jina hilo lina faida zaidi ya usahihi. Wajenzi huipenda beringi hii kwa kuwa kwa kuzungusha mkia waweza kurekebisha mwinamo wa gurudumu. Lakini mkia umekusudiwa kuvutwa na kusukumwa, si kupindwa. Carroll Smith, mhandisi wa magari ya mbio wa Marekani, aliulaani katika vitabu vyake ubunifu unaouweka mkia mahali pa kupindwa, maana hapo ndipo unapokatika. Asomaye "mkia" aweza kujiuliza kama utapindwa. Asomaye "waridi" hana la kujiuliza.

5. Yaliyo mema

Haki itendeke. "Mkono wa saspensheni" ni chaguo jema, na ni bora kuliko "mning'inio", kwa sababu gari hukaa juu ya springi zake wala halining'inii. "Washa pana" pia imefaa: jina lataja kipimo, na kipimo ndicho kinachookoa, kwani tufe likichomoka, washa iliyo pana kuliko tundu la pete huuzuia mkono usiachane na bolti.

Istilahi zinazopendekezwa

Bushi ya mpira: kiungo cha mpira kinachosokotwa, hukazwa gari likiwa chini.
Beringi ya gololi: yenye vitufe vingi vinavyobiringika.
Beringi ya tufe kavu: yenye tufe moja na utando, haitiwi grisi.
Beringi ya tufe ya mafuta: ya chuma kwa chuma.
Beringi ya tufe yenye mkia: yenye skrubu ya kurekebishia.
Pete ya nje: sehemu inayolikumbatia tufe.
Ala ya beringi: kishikio kilichochomelewa mwishoni mwa mkono.

Mwenye kutafsiri maelekezo ya ufundi hana budi kukishika kitu mkononi, au angalau kuketi na akishikaye, kabla hajakipa jina. Walimu wa ufundi na mafundi wenye majina mengine yanayotumika katika karakana zao wanaombwa wayalete, pamoja na maelezo ya kitu chenyewe na kazi yake, ili yapimwe kabla orodha hii haijasanifiwa.