Lugha ya Maa na Toni Isiyoandikwa

Oltepesi, kituo kilicho kando ya barabara ya Magadi katika Kajiado, kimepewa jina la mti: mgunga ule wenye matawi yaliyotanda kama mwavuli. Msamburu huuita mti huo huo ltepes. Mgeni aweza kudhani kwamba hizo ni lugha mbili. Kumbe kiambishi cha jinsia ya kiume, ol-, kimefupishwa kuwa l-, na irabu ya mwisho haisikiki. Ndivyo zilivyo lahaja za Maa, tangu Samburu na Chamus hadi Kisonko na Parakuyo ya Tanzania: matamshi na msamiati hutofautiana, lakini shina ni moja.

Sarufi ya A. N. Tucker na J. Tompo ole Mpaayei, iliyotoka mwaka 1955, yastahili sifa kwa kuipa toni nafasi yake. Katika Maa kitenzi hutangulia, na nomino huonyesha kwa toni kama ni mtenda au mtendwa. Maneno edol enkitok, yakiandikwa bila alama, yaweza kuwa "mwanamke anamwona" au "anamwona mwanamke". Msikilizaji hapati shida. Msomaji huachwa akikisia.

Hata hivyo tahajia iliyozoeleka haikuufuata uchambuzi huo. Irabu tisa huandikwa kwa herufi tano, na toni huachwa. Watetezi wake husema kwamba mwenye lugha hutambua maana kwa muktadha. Hoja hiyo yamfaa mzee wa Oltepesi aliyelelewa katika Maa. Haimfai mtoto wa Kitengela ashindaye akisikia Kiswahili na Kiingereza, ambaye huenda akaitafuta lugha ya babu yake kitabuni.

Ongamo ya Rombo, Kilimanjaro, ni funzo. Rainer Vossen, katika kazi yake ya mwaka 1982 juu ya Waniloti wa Mashariki, aliiweka karibu kabisa na Maa. Kilotuko cha Sudan Kusini ni jamaa wa mbali zaidi. Wasemaji wa Ongamo walihamia Kichaga, na sehemu kubwa ya lugha yao imesalia katika madaftari ya wataalamu.

Maa haijafikia hapo: sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Wamaasai zaidi ya milioni moja. Lakini wingi wa watu hausahihishi tahajia. Yafaa walau toni iandikwe penye utata, ili kitabu kimtoshe asiye na mzee wa kumuuliza.